Ignas Aliyeishika Mvua

Ukifika Mwankoko ukaulizia kwa Ignas, watu watakuonyesha kwa kidevu. Kidole hawanyooshi. Watakwambia, pita mashine ya kusaga, nyumba ya tatu, ile yenye kisiki cha bomba uani. Ukiuliza bomba lilikatwa kwa nini, watageuza maneno, kwa sababu wanaamini mwenye nyumba ile aliwahi kuizuia mvua wiki tatu nzima. Uongo huo umekomaa sasa, umeota ndevu, na wanaoutunza ni watu wanaokwenda kanisani na msikitini bila kukosa.

Ignas hakuwa mtu wa mvua. Alikuwa mtu wa redio.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpokeaji wa redio kol katika hospitali moja ya misheni upande wa Iramba. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza, redio ya rangi ya kijivu na daftari lenye mistari. Mjamzito akikwama kwenye zahanati ya mbali, mganga aliita, na Ignas alijibu, "Nakusoma, endelea." Alisikiliza, aliandika saa na dakika, kisha akatuma gari. Ndege ya madaktari ikija, yeye ndiye aliyeiuliza iko wapi, na yeye ndiye aliyetuma watu wakafukuze mbuzi uwanjani. Hakuwahi kukalia ujumbe. Ukipokelewa, unapelekwa, hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Watu wa zahanati zote za ukanda ule walimjua kwa sauti. Wapo waliokutana naye Iguguno siku ya mnada, wakampita bila kumtambua, wakageuka ghafla alipofungua mdomo kumsalimia mtu mwingine.

Halafu zikaja simu za mkononi. Minara ikasimama kwenye vilima, kila muuguzi akawa na simu mfukoni, na chumba cha redio kikageuzwa stoo ya magodoro. Hakuna aliyemfukuza Ignas, na pengine hilo lilikuwa baya zaidi. Alipewa rungu akalinde geti. Miaka tisa alifungua na kufunga lile geti, akipigiwa honi na madereva ambao zamani walikuwa hawaondoki mpaka wasikie neno lake. Alipostaafu, akarudi Mwankoko kwenye shamba la ukoo wake, kwa mkewe Rebeka, ambaye siku zote hizo ndiye aliyekuwa akililima.

Kazi ya jembe aliiweza, lakini hakuna aliyekuwa akimwita. Mtu anaweza kuzoea njaa ya tumbo, akazoea hata uzee, ila aliyewahi kuitwa kila saa akakaa bila kuitwa, huyo anakufa polepole huku anakula na kushiba. Rebeka aliliona hilo. Ndiye aliyemwambia binti yao, Jenipher, aliyekuwa ameajiriwa Dodoma, amtafutie baba yake kitu cha kufanya kabla hajawa mgonjwa.

Jenipher akaja na kompyuta yake ya zamani, ile ya kukunja, na kidude kidogo kama flashi. "Baba, ukichomeka hiki na ukapata antena nzuri, unasikia mawimbi mengi. Hata marubani wakiongea huko juu. Kusema husemi, unasikiliza tu."

"Kusikiliza ndiyo kazi," Ignas alisema.

Ilimchukua miezi miwili kukijenga kituo chake. Chumba alicholala Jenipher utotoni kikawa cha redio. Akaweka meza chini ya dirisha, akavuta waya kutoka kwenye sola, akachora ramani ya anga nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Mjini, dukani kwa Mselemu, alinunua waya wa dishi mita ishirini. Mselemu akamuuliza, "Mzee wangu, unataka kuona mpira?" Ignas akamjibu kwamba ameona vya kutosha, sasa anataka kusikia.

Antena aliitengeneza mwenyewe. Alijua kwa hesabu zake za zamani kwamba masikio ya redio ya ndege yanataka njiti za sentimita hamsini na saba: moja isimame wima, nne zishuke kwa mshazari kama miguu ya kigoda. Akazunguka nyumba na futi ya fundi akipima kila chuma. Mwishowe akapima mbavu za mwavuli mweusi wa Rebeka, ule wa kanisani. Upepo wa Singida hauna adabu kwa miavuli, na ule ulikuwa umeshachanwa kitambaa siku nyingi. Hamsini na saba kasoro kidogo. Ignas alicheka peke yake uani. Akazing'oa mbavu tano, akazifunga kwenye kibao, akakipandisha juu ya bomba la maji la mita sita lililobaki kwenye kisima kilichokauka. Kutoka barabarani ulichokiona ni mwavuli ulionyolewa, umesimama angani, unasubiri.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, rubani wa ndege iliyotoka Mwanza alitaja urefu wake na njia yake, sauti kavu, ya haraka, ya mtu aliye kazini. Ignas alisimama. Hakuwa na cha kusemea, lakini mdomo ukatangulia: "Nakusoma." Rebeka alikuwa mlangoni na ungo wa uwele mkononi. Alimcheka mpaka akakaa chini. Ignas naye akacheka, machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Ndani ya wiki chache akagundua jambo. Marubani wakikuta wingu zito mbele yao hawaliingii. Wanaomba ruhusa ya kukwepa, maili kumi kushoto, maili ishirini kulia, na wanasema sababu ni hali ya hewa. Ignas aliandika saa, ndege na upande. Akaweka alama ya penseli kwenye ramani yake. Ndege tatu zikikwepa mahali pamoja, hapo kuna mvua, na kila ndege iliyofuata ilimwonyesha mvua ile inaelekea wapi. Upande wa Manyoni na Itigi ndiko mvua nyingi zilikotokea. Ikiwa njia ilikuwa nzuri, zilifika Mwankoko baada ya muda wa saa nne au tano.

Wa kwanza kufaidi alikuwa jirani yake, Gaspari, aliyekuwa ameanika matofali mabichi zaidi ya elfu moja. Ilikuwa Januari, jua kali, mbingu nyeupe. Ignas akamwita kwenye ua wa minyaa. "Jirani, funika matofali. Saa tisa mvua."

"Mvua ya wapi, kaka?"

"Wewe funika."

Gaspari alifunika, zaidi kwa heshima kuliko kwa imani. Saa tisa na robo mvua ikapiga. Matofali yakapona, na Gaspari akawa mhubiri. Mtaa mzima ukapata habari. Mwenye mlenda wa kukausha akaja kuuliza kama aanike, mwenye harusi akaja kuulizia Jumamosi, na wanaume waliokaa mashineni wakisubiri unga wakawa wanamtolea kigoda. "Mzee Ignas, leo tunasomaje?" Naye akawajibu. Mara nyingine alikosea, akasema wazi kwamba amekosea, lakini watu walizikumbuka zile alizopatia. Alikuwa anaitwa tena. Alinyoa ndevu kila asubuhi. Akaanza kutembea kama zamani, mgongo umenyooka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Ignas naye alikuwa mtu. Raha ya kusikilizwa ilimlegeza ulimi.

Katikati ya Februari mvua ikakata. Siku tisa zilipita bila tone, na alizeti ndiyo kwanza ilikuwa inafungua maua. Asubuhi ya siku ya kumi, Ignas alizisikia ndege mbili zikikwepa wingu kubwa karibu na Itigi. Akatoka mbio hadi mashineni. Watu walipomuuliza, akajibu kwa furaha, kwa lugha ya kazi yake:

"Mvua nimeishika tangu asubuhi. Iko Itigi. Nimeishika vizuri kabisa, haikatikikatiki."

Hilo ndilo neno. Mtu yeyote mwenye redio nchi hii anasema redio inashika, stesheni fulani nimeishika, ile nyingine haishiki. Gaspari mwenyewe alikuwa na redio ya mkulima iliyofungwa na mpira, na kila siku ya mechi alikuwa akiizungusha huku na huku akilalamika kwamba haishiki. Walijua alichosema. Siku ile walielewa, wakashangilia, wakaenda nyumbani kusubiri.

Mvua haikuja. Wingu liligeuka likaelekea Tabora, na Ignas alirudi jioni kuwaambia hivyo, ila hakuna aliyehitaji kuambiwa. Siku kumi na mbili zikapita, zikafika kumi na tano, zikafika ishirini. Majani ya alizeti yakajikunja, uwele ukasimama bila kuchanua vizuri. Na katika ukame ule lile neno likageuka tumboni mwa watu, likatoka na maana nyingine. Si alisema mwenyewe? Nimeishika. Nimeishika vizuri, iko Itigi. Tangu siku ile imetoka tena? Mama mmoja mzee akauliza mbele ya watu swali ambalo baadaye kila mtu alidai ndiye aliyeliwaza kwanza: mwavuli wa nini juu ya bomba, na kitambaa hauna? Mwenye mwavuli hujikinga yeye. Huyu anamkinga nani?

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini hawa walijua. Hilo ndilo linalochoma. Mjinga unaweza kumsamehe. Mtu aliyejua ukweli akauweka kando kwa sababu shamba limekauka na anatafuta wa kumlaumu, huyo umsamehe kwa lipi?

Kwenye kwaya, wanawake waliokaa na Rebeka wakasogeza benchi. Palizi ya kusaidiana ilipofika zamu yake, hakuja mtu. Alirudi nyumbani na jembe begani, akamkuta mumewe ameinamia kompyuta.

"Baba Jenipher, ushushe."

"Nini?"

"Unajua nini. Mimi najua ni redio. Nimekuona ukiiunda kwa mwavuli wangu. Lakini mimi nalima na wale watu. Nikifa watanizika wale."

"Nikiushusha nimekiri," Ignas alisema. "Watasema ameiachia mvua. Acha inyeshe wakati mwavuli uko pale pale, waone wenyewe. Siku ikinyesha hivyo tu, nimepona."

Rebeka alikwenda kupika. Ila tangu siku hiyo wote wawili walijua wanasubiri nini: mvua iwahi kabla ya watu.

Watu waliwahi. Siku ya ishirini na moja, Jumamosi, mwenyekiti wa mtaa, Chediel, aliitisha kikao saa tatu asubuhi. Chediel ni mtu mwenye diploma, anayevaa shati la kuchomekea hata akienda kumwagilia vitunguu. Ignas aliitwa, akaenda. Lakini asubuhi ile, kabla ya kikao, alikuwa ameshakaa kwenye meza yake akisikiliza. Ndege ya kwanza ilikwepa kusini mwa Itigi. Ya pili ikakwepa kaskazini zaidi. Ya tatu ikasema mbele yake pamezibwa kote, ikapelekwa mbali kabisa. Wingu lilikuwa pana na lilikuwa linakuja Ikungi, njia ya Mwankoko. Alichora alama zake za penseli, akapiga hesabu mara mbili. Leo, saa nane au saa tisa.

Gaspari ndiye aliyesimama kutoa ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alisema yote kwa utaratibu, hata matofali yake aliyataja, kwamba mzee huyu aliniambia saa na ikawa saa ileile; sasa mtu anajuaje saa ya kitu kisicho chake? Wazee waliokaa mbele Kiswahili kiliwachosha, wakataka wasikie kwa Kinyaturu yale maneno ya mashineni. Gaspari akawageuzia. Katika kugeuza, akachukua neno la kushika kwa mkono, kama unavyomshika mbuzi mguu asitoroke. Akakunja na ngumi juu ili waone.

Ignas alisimama. "Shikamooni wazee wangu. Jirani yangu amegeuza vibaya. Mimi nilisema kushika kwa redio. Redio ikishika. Gaspari, redio yako haishiki?"

Wachache waliangalia chini. Gaspari aliangalia ngumi yake, akaifungua.

"Mzee," Chediel alisema, "ulitamka hayo maneno au hukutamka?"

"Nilitamka."

"Basi. Kikao kinataka kile kitu kishuke leo, kabla ya adhuhuri."

"Nipeni mpaka kesho," Ignas alisema. "Kesho asubuhi nitakishusha mwenyewe, mkitaka."

"Kwa nini kesho?"

Hapo mtu mwerevu angesema anaumwa mgongo, au anatafuta ngazi. Ignas alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili akipokea na kupeleka, na ujumbe aliokuwa nao aliupata kwa haki, umeandikwa saa na dakika. Aliwatazama wale watu, wengi wao mashamba yao yanakufa, akaona hawezi kuwanyima habari njema.

"Kwa sababu mvua inakuja leo. Saa nane au saa tisa. Nataka iwakute na mwavuli wangu uko juu, muone kwamba hauzuii kitu."

Kelele zilizopanda hapo zilimfanya Chediel agonge meza kwa kiatu. Mmesikia? Ana saa yake! Anataka kuiachia akipenda yeye! Mdomo huponza kichwa, na cha Ignas kiliponzwa na ukweli mtupu. Wakaondoka wote kuelekea nyumbani kwake. Njiani Chediel alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nimesoma, najua ile ni antena. Lakini nikikutetea leo, hawa watachoma nyumba, na mimi uchaguzi nitausahau." Alisema kama mtu anayeomba ashukuriwe kwa kujua.

Walipofika uani, mmoja wa vijana alikuwa ameshawasha mwenge wa nyasi, akiuangalia ukuta wa chumba cha redio, ambacho paa lake lilikuwa limeezekwa upande mmoja kwa nyasi. Ignas alisimama chini ya bomba. Kusini, mbali, palikuwa na ukingo mwembamba wa kijivu ambao macho yake peke yake yalikuwa yanautafuta. Akahesabu. Saa tano na nusu. Zilibaki saa mbili na nusu, na hakuwa nazo.

Mtu alimgusa begani. Alikuwa Rebeka, ameshika msumeno wa chuma. Alimwekea mkononi, akarudi nyuma akasimama pamoja na wanawake.

Alikata mwenyewe. Msumeno ulikuwa butu, bomba lilikuwa nene, na watu sitini walisimama wakisikiliza chuma kikilia karibu robo saa. Lilipoanguka, mbavu za mwavuli zilipinda chini, na Gaspari akazikanyaga moja moja mpaka zikalala. Waya wa dishi ulibaki unaning'inia dirishani.

Mvua ilikuja saa nane na dakika arobaini. Ilinyesha mpaka magharibi, mvua nene, ya kushuka wima bila upepo, ile ambayo mkulima huiota. Wanawake walipiga vigelegele, watoto walivua nguo wakakimbia barabarani. Ignas alikaa mezani, kompyuta imezimwa, daftari liko wazi. Aliandika saa na dakika, kwa mazoea. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haja ya kuambiwa.

Tangu hapo hawajamdhuru. Wanamheshimu. Gaspari ameacha kumwita kaka. Anasema "Shikamoo mzee" kwa kuinama, na wamepishana miaka miwili tu. Asubuhi nyingine Rebeka anakuta mlangoni kuku amefungwa miguu, au kibuyu cha unga wa uwele, hakuna jina. Mara ya kwanza Ignas alirudisha kuku nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikana kwa hofu. Siku hizi anamfungua, anamwacha aende zake. Jenipher alitaka kuleta kidude kingine. Baba yake alimwambia masikio yamechoka.

Mwaka mmoja ukapita, ikaja Februari nyingine, mvua ikakata tena. Siku ya kumi na nne, mchana, Rebeka alimwandalia ugali na mlenda. Kwa kawaida hukaa wakala pamoja. Siku hiyo alibaki amesimama.

"Baba Jenipher."

"Naam."

"Alizeti inakunja majani."

"Nimeona."

"Mimi najua ilikuwa redio." Akaufuta mkono mmoja kwa mwingine. "Lakini kama kuna neno. Neno lolote, hata dogo, ambalo hujaniambia. Ungelisema tu. Kwa ajili yangu."

Ignas alimtazama. Alitafuta usoni mwake yule mwanamke aliyemcheka mlangoni na ungo mkononi mpaka akakaa chini, na hakumpata. Mlenda ulikuwa unapoa. Akanawa mikono ambayo haijagusa chakula, akatoka uani, akainama juu ya kisiki cha bomba, mdomo karibu na chuma.

"Itigi, Itigi," alisema. "Unanisoma?"

Alisubiri muda ule ule aliokuwa akisubiri zamani. Nyuma yake alimsikia Rebeka akipiga magoti, na akisema "Asante, mzee" kwa sauti ile ile ya Gaspari.